Tangi Chini ya Kitanda

Mei, kisiwani Nagu. Barafu imeondoka wiki tatu tu
na mashua ingali juu ya magogo, tumbo wazi,
kama mgonjwa aliyesahauliwa mezani.
Nimelala chali chini ya kitanda cha mbele,
tochi mdomoni, kiwiko kimebanwa na mbavu za mbao,
napima kwa mara ya nne nafasi
ambayo jana ilikuwa na sentimita mbili zaidi.

Tangi limeletwa kutoka Turku:
jeupe, lita arobaini na tano, plastiki nene,
pembe moja imekatwa mshazari
lipate kuulalia ubavu wa mashua.

Miaka arobaini choo hiki hakikuwa na siri.
Ulivuta mkono wa pampu mara kumi
na haja yako ikawa haja ya bahari.
"Bahari haijai," baba alikuwa akisema,
akifunga suruali, akiwatazama shakwa.
Wala hakuwa mwongo. Haikujaa.
Iligeuka rangi tu.
Kiangazi kile mbwa wa Hjördis aliyanywa maji ya ghubani,
mazito, ya kijani, kama supu ya njegere.
Tulimzika nyuma ya sauna kabla ya chakula cha jioni
na hakuna aliyetamka neno choo.

Sasa mpira. Milimita thelathini na nane,
umejikunja kama mkunga asiyekubali kufa.
Hauingii kwenye mdomo wa tangi kwa nguvu,
hauingii kwa matusi ya Kiswidi wala ya Kifini.
Birika linachemka. Chovya ncha, hesabu hadi sitini,
paka sabuni, sukuma, zungusha, sukuma,
umeingia! Na vidole vyangu vimeiva pamoja nao.
Vibano viwili kila kiungo:
kimoja kikilegea, cha pili kikatae.
Kisha mpira upande hadi karibu na sitaha, ujipinde, ushuke,
maji ya nje yasije yakajirudisha usiku
yakatuzamisha kwa njia ya chooni.

"Pumzi," anasema baba kutoka nje.
Runar, miaka themanini na mmoja,
juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa.
"Umelipa pumzi ya upana gani?"
Kumi na sita, nasema. Kama kitabu kilivyoagiza.
"Kitabu hakilali humo. Weka ishirini na tano.
Uchafu ukikosa hewa ndipo unaponuka."

Najitoa kinyumenyume, nywele zimejaa vumbi la nyuzi za kioo,
nimwambie tundu limekwisha tobolewa,
na hapo nauona:
suruali imepanda, na kwenye muundi,
kwa mikanda miwili, umefungwa mfuko,
umejaa nusu, rangi ya chai ya rangi.
Hospitali walimwekea Februari.
Wiki mbili tu, alisema. Sikuuliza tena.
Tangu hapo mimi na yeye tunaulizana hali ya hewa.

Ananiona nikiona.
Haishushi suruali.
"Robo tatu ya lita," anasema. "Wewe una arobaini na tano
na bado unalalamikia nafasi."
Kicheko kinamtoka yeye kwanza, kisha mimi,
kibaya, cha kukohoa, hadi Hjördis
anasimamisha baiskeli kule barabarani.

Nikusaidie? namuuliza.
Anatazama mikono yangu, sabuni, malengelenge.
"Miaka themanini nimejisaidia," anasema.
"Haya. Lete ndoo."
Ndoo ameikalia. Inabidi kwanza asimame,
nami nimshike kwapani, na hilo nalo
hatujawahi kulifanya.

Kikoki kidogo chini ya mfuko. Sauti yake kwenye bati.
Sote wawili tunatazama miti.

Nikirudi kutoka nyuma ya sauna
keekee ya ishirini na tano iko kiganjani mwake,
ameipangusa mafuta kwa kofia.
Natambaa tena chini ya kitanda.
Tundu la asubuhi limekuwa dogo kama jicho la kuku.
Natoboa. Mwanga unaingia, mviringo mmoja,
unatua juu ya tangi jeupe
ambalo bado halijui kazi yake.